Herufi Tatu Chini ya Rangi ya Kijani

Nyie vijana mnaopita barabara ya Chamwino kila Jumamosi asubuhi, mmevaa kofia ngumu na kaptura za kubana, mimi nawaona. Nakaa kibarazani na chai yangu, nasikiliza cheni zenu zikipita. Jumamosi iliyopita mmoja wenu, mwenye fulana ya njano, cheni yake ilikuwa inalilia mafuta. Nilimjua kabla sijamwona. Sijisifu, sikio hili nimelisomea, na diploma yake iko ukutani, imewekewa kioo.

Niseme mapema nilivyoipata, mtu asije akadhani naongea kwa kubahatisha. Nilizaliwa Chamwino, mtoto wa nne wa mfugaji. Baiskeli ya kwanza kuishika ilikuwa ya mwalimu mkuu, na niliishika kwa kuiosha. Nikajifunza kuziba pancha, kisha kunyoosha rimu, kisha nikagundua kwamba mtu anayejua kunyoosha rimu anaweza kufika mbali kuliko baiskeli yenyewe. Nilifika Ulaya. Mchana nilifagia karakana, jioni nikasoma ufundi mitambo, na nilipohitimu nikafanya kazi miaka kumi na tisa kwenye baiskeli za mashindano. Nilirudi kwa nauli yangu mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili. Watu wakaniuliza kama nimerukwa na akili, kutoka Ulaya kuja kuziba pancha Dodoma. Watoto wao ndio wanaoniletea baiskeli leo.

Nimestaafu sasa, mikono inatetemeka kidogo, lakini kuna kazi moja bado wananifuata nayo hapa nyumbani: kumtambua aliyetengeneza fremu iliyopakwa rangi upya. Mtu anaokota fremu kuukuu, nyembamba, nyepesi, ina rangi ya nyumba au rangi ya lango la shule, hakuna jina, hakuna nembo. Anauliza, "Mzee, hii ni ya nani?" Nami najibu. Mara tisa kati ya kumi najibu sawasawa. Leo nawaandikia ile ya kumi, kwa sababu wanaonisifia zile tisa hawaijui.

Kwanza kazi yenyewe, maana wengine wenu mtaniwahi kaburini bila kujifunza. Msiamini stika. Stika huuzwa barabarani pamoja na vitambaa vya kufutia kioo. Aliwahi kuja kwangu ofisa mmoja wa serikali, mtu mzito, akiapa kwamba baiskeli yake ni ya Italia. Nikamwambia, "Mheshimiwa, Waitalia hawawezi kukosea kuandika jina la nchi yao." Alinuna wiki nzima. Wiki ya pili alileta soda tukacheka.

Fremu igeuzeni miguu juu. Chini kabisa kuna kikombe cha chuma kinachobeba ekseli ya pedali; hapo ndipo mafundi wengi hugonga alama zao, kwa sababu hapaonekani na hapaibiwi. Pimeni hesi za kikombe hicho, ile mikato ya skrubu ndani yake; kila nchi ilikuwa na hesi zake. Pimeni tundu la bomba la tandiko. Gongeni mabomba kwa kucha, bomba jembamba huimba, bomba nene hukohoa. Kisha angalieni soketi, zile shingo za chuma ambamo mabomba huingizwa na kuunganishwa kwa shaba ya moto. Fundi mvivu huziacha kama zilivyotoka kiwandani. Fundi mwenye moyo huzipiga tupa mpaka ncha zake ziwe nyembamba kama jani la mtama.

Na rangi mwiteni adui kwa adabu. Wiki yangu ya kwanza ughaibuni nilitumia mashine ya kusaga kuondoa rangi ya fremu ya bingwa mmoja wa zamani. Nilipomaliza iling'aa kama sufuria ya harusi, na namba yake ilikuwa imesagika pamoja na rangi. Bosi wangu, bibi wa miaka sabini aliyevaa miwani miwili kwa mpigo, aliitazama, akanitazama, akanipa ufagio. Nilifagia mwezi mzima. Siku ya mwisho akanirudishia tupa na kusema neno moja tu: wembe. Tangu siku hiyo rangi kuukuu naitoa kwa wembe na maji ya moto, tabaka moja baada ya jingine, kama mtu anayemenya kitunguu bila kutaka kulia. Nikifika penye alama naweka karatasi juu yake, nasugua kwa penseli, na herufi zinajitokeza zenyewe.

Sasa ile ya kumi.

Alikuja karakanani mwalimu wa sekondari, mwanamke wa makamo, jina lake Rukia, mwenyeji wa Busi kule Kondoa, kwa Warangi. Alikuwa na fremu ya baiskeli ya mashindano ya kijani kibichi, ile kijani ya milango. Aliiona Kibaigwa, imetundikwa ghalani kwa dalali mmoja wa mahindi ambaye hakujua hata ilikotoka, akampa kwa sababu ilikuwa inamgonga kichwani kila akipima magunia.

"Shikamoo fundi. Nimeambiwa wewe unajua kusoma fremu."

"Marahaba. Nasoma, naandika, na kupiga muhuri."

Hakucheka. Akatoa picha ya zamani. Kijana mwembamba amesimama kando ya baiskeli yenye hendeli zilizojikunja kama pembe za kondoo dume. "Huyu ni baba yangu, Mzee Issa, na fremu niliitambua kwa picha hii. Alikuwa anafanya kazi karakana ya misheni, wakitengeneza viti vya magurudumu vya wagonjwa. Anasema baiskeli hii aliitengeneza mwenyewe. Akashindana nayo sikukuuni, akashinda, na baadaye akaiuza tulipougua sisi watoto. Busi hawamwamini. Wanasema bradha wa misheni alimpa ikiwa imetoka Ulaya, naye akaifanya yake. Wanamwita Fundi Ulaya. Mimi nimezaliwa nikalikuta jina hilo."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema mpaka leo. Ana miaka karibu tisini, macho yamekwisha. Nataka nimpelekee neno la mtu anayejua kabla hajaondoka. Wewe niambie tu ukweli."

Nikamwambia aniachie wiki moja.

Vijana, nilifanya kazi safi, na hapo ndipo penye aibu. Mabomba yaliimba. Mepesi, membamba, chuma cha Ulaya bila shaka yoyote. Soketi zilipigwa tupa na mkono uliotulia, shaba imeingia kila pembe, hakuna tone lililomwagika. Chini ya kile kikombe nilimenya kijani, nikakuta buluu, nikamenya buluu nikakuta kijivu kigumu kama meno. Hicho kijivu nikakimenya kidogo tu, nikasugua penseli, zikatokea herufi tatu, SLP, na namba mbele yake. Nikasema moyoni, haya ndiyo mambo. Herufi za jina la mtengenezaji na namba ya fremu. Nimeona mamia ya namna hiyo.

Rukia aliporudi nilimweleza ushahidi wote mmoja mmoja, kwa sauti ile ninayoitumia mbele ya wanafunzi. Kisha nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kuliko maneno ya kiapo changu cha ndoa, "Baba yako bila shaka alikuwa mpandaji hodari. Lakini mtu aliyefanya kazi hii alipitia chuo."

"Kwa hiyo hakuitengeneza."

"Imetengenezwa Ulaya na fundi wa daraja la juu. Herufi zake ni SLP, jina kamili nitalipata."

Niliandika barua, nikapiga muhuri. Aliikunja mara nne, akaiweka kwenye mkoba, akasema ahsante. Fremu akaniachia, alisema hajui tena aipeleke wapi.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, sipendi kitu kinishinde. SLP alinishinda. Nilipekua vitabu vyangu vyote vya watengenezaji. Niliwaandikia wenzangu wa karakana ya zamani. Wakajibu kwamba hawamjui SLP, pengine ni fundi mdogo wa mji mdogo aliyekufa na siri zake. Nikafurahi, nikajiona nimegundua fundi aliyesahaulika. Nilianza hata kumwandikia historia yake kichwani. Nilimpa masharubu.

Karatasi ya penseli ilikuwa mezani siku moja mchana, tunakula. Mama Neema, mke wangu, ambaye Ulaya anaijua kwa kadi za sikukuu nilizokuwa namtumia, alikuwa anasogeza vyombo. Akaiangalia.

"Baba Neema, unatafuta anwani ya nani?"

"Anwani gani? Hiyo ni alama ya fundi mmoja wa Ulaya. Mambo ya kitaalamu."

Akaigeuza upande, akaigeuza tena. "Fundi wa Ulaya ana sanduku la posta?"

"Sanduku gani?"

"S.L.P., mume wangu." Akaweka karatasi kando ya bakuli la mlenda, akanionyesha kwa kidole chenye unga. "Sanduku la Posta. Si limeandikwa kwenye kila kibao hapa mjini? Kwenye kibao chako mwenyewe limeandikwa. Hukulipia wewe?"

Nilitazama ile karatasi, na herufi zile tatu, ambazo nimeziandika juu ya bahasha tangu darasa la tano, zikanitazama. Mtoto wa chekechea wa Dodoma angezisoma. Mimi nilizisoma kwa miaka kumi na tisa ya ughaibuni. Ugali ukapoa.

"Kula kwanza," akasema Mama Neema. "Fremu haikimbii, haina magurudumu."

Sikula. Nilienda karakanani na wembe. Na hapa ndipo nataka mnisikilize kuliko pote nilipoongea. Mara ya kwanza nilikwangua mpaka nikapata nilichokuwa nakitaka, nikaacha. Kile kijivu kigumu kilikuwa kimeendelea kuzunguka kikombe, na mimi nilikiacha kwa sababu nilikwisha kufurahi. Sasa nikakitoa chote. Baada ya namba kulikuwa na neno zima, limegongwa herufi moja moja kwa mkono, limepinda kidogo kufuata mviringo: KONDOA.

Nilimpigia Mwalimu Rukia simu. Nikamsomea herufi, nikamsomea namba. Namba hiyo siiandiki hapa, sanduku lile sasa ni la mtu mwingine.

"Rudia namba."

Nikarudia.

"Hiyo ilikuwa juu ya kila barua niliyoandikiwa nikiwa shule ya bweni," akasema. "Ni sanduku la baba. Si la misheni, ni lake. Alilikodi kabla hajaoa, mama alikuwa anamtania kwamba alikuwa na sanduku kabla ya kitanda."

"Mwalimu, ile barua yangu. Ulimsomea?"

"Nilimsomea. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, basi. Wajukuu wakaipeleka habari barazani, unajua watoto. Tangu siku hiyo haendi tena barazani. Alikuwa anaenda kila siku baada ya alasiri, anaongozwa kwa fimbo. Sasa anakaa ndani tu, anasema kuna upepo."

Nilitaka kusema samahani, nikaona ni neno dogo kwa simu.

Siku mbili baadaye nilipanda basi la Kondoa, fremu nimeifunga kwenye kanga za Mama Neema juu ya mapaja yangu, konda akinitaka niipeleke buti nami nikikataa. Rukia alinisubiri tukamalizia safari pamoja mpaka Busi. Mzee Issa alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, mtu mkubwa wa mifupa, uso umeelekezwa mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sauti ya Mgogo hiyo."

"Ndiyo mzee. Mimi ndiye niliyeandika barua."

"Ile yenye muhuri."

"Ile yenye muhuri. Ilikuwa ya uongo. Sikukusudia, lakini ilikuwa ya uongo, na nimekuja kuichukua."

Nikafungua kanga, nikamwekea fremu magotini. Mikono yake ikaanza kutembea. Haikwenda ovyo, ilianzia kwenye soketi ya mbele, ikashuka na bomba la chini, ikazunguka kikombe, ikasimama pale nilipokwangua.

"Nani amesugua hapa?"

"Mimi, kwa wembe."

"Umesugua vizuri." Kidole gumba kikapita juu ya herufi, moja moja, kama mtu anayehesabu tasbihi. "Mabomba yalikuwa ya viti vya wagonjwa. Yaliletwa kwa mafungu kutoka kwao Ulaya. Yaliyopinda njiani bradha alisema yatupwe. Niliyanyoosha mwaka mzima, kila nikitoka kazini."

"Nilijua mabomba ni ya Ulaya."

"Mabomba ni ya Ulaya. Kwani mahindi ya Kibaigwa yakipikwa Dar es Salaam, tunasema ugali umepikwa Kibaigwa?"

Nikamuuliza lililokuwa linaniumiza tangu nyumbani, kwa nini hakugonga jina lake. Angegonga ISSA, mambo yangeisha.

"Kina Issa Kondoa ni wangapi?" akauliza. "Jina watu hugombana nalo, sanduku ni la mtu mmoja. Nilisema ikiibiwa au ikipotea, atakayeiokota ataona anwani, ataniandikia. Nilipoiuza nikasema hata mnunuzi akifurahi ataandika. Nilikuwa nalifungua lile sanduku kila Ijumaa."

"Hakuna aliyeandika?"

"Seti ya bradha ya kugongea herufi haikuwa na nukta," akasema. "Labda ndiyo maana."

Rukia alitoka nje. Mimi nikatoa barua ya pili, niliyoiandika kwa mkono safi, ina muhuri mkubwa zaidi. Inasema kwamba fremu hii imetengenezwa Kondoa na Mzee Issa, fundi, na ushahidi ni huu na huu. Nikaanza kusoma. Akainua mkono.

"Ile ya uongo ilifika barazani kwa miguu yake. Na hii ipeleke huko huko."

Hatukungoja alasiri ya kesho. Tulimvalisha kanzu, Rukia akamshika upande mmoja, mimi upande wa pili na fremu begani. Barazani walikuwa wazee sita na buli la kahawa. Walipotuona, mmoja wao, Mzee Shabani, ambaye niliambiwa ndiye aliyelizaa lile jina la utani, akasema, "Fundi Ulaya umetoka. Upepo umetulia?"

"Umetulia," akasema Mzee Issa, akakaa mahali pake. Palikuwa pamebaki wazi miezi yote ile. Hakuna aliyekuwa amepakalia.

Nikasimama. Nimewahi kuhutubia mahafali, nimewahi kuongea na wageni wa Bunge, lakini kosa langu sikuwahi kulihutubia. Nikasema, "Wazee, shikamooni. Mimi nina diploma ya ufundi mitambo. Nimekaa Ulaya miaka kumi na tisa nikitengeneza baiskeli za mashindano. Mimi ndiye niliyeandika kwamba fremu hii ni ya Ulaya, na nilikosea. Imetengenezwa Kondoa na huyu. Anwani yake iko hapa chini. Na mimi, pamoja na diploma yangu, nisingeweza kuzipiga tupa soketi hizi hivi."

Sentensi ya mwisho haikuwa kwenye barua. Ilitoka yenyewe, na ilikuwa kweli.

Walipokezana fremu. Aliyekuwa na miwani akasoma herufi kwa sauti, akafika KONDOA, akalirudia neno hilo peke yake. Mwingine akamwambia, "Jamaa kakwangua rangi, kamkuta Mrangi," na wote wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzee Shabani peke yake hakucheka. Aliishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ncha ya soketi, ile nyembamba kama jani la mtama.

"Issa," akasema. Nilisikia Rukia akivuta pumzi, maana hakumwita Fundi Ulaya. "Hii uliipiga kwa tupa gani?"

"Ya nusu duara."

"Ya misheni?"

"Ya misheni. Niliirudisha."

Mzee Shabani akatikisa kichwa polepole, akampitishia kikombe cha kahawa, akakibonyeza mkononi mwake mpaka akahakikisha amekishika.

Mzee Issa akanywa. Kisha akageuza uso kule nilikokuwa nimesimama.

"Fundi, lile neno lako lirudie. Shabani sikio lake la kushoto halisikii."

"Nirudie kuanzia wapi, mzee?"

"Anzia kwenye diploma," akasema. "Hapo ndipo panaponoga."

Nikaanzia kwenye diploma.